Kusafisha Picha na Kuibuni

Katika Kiswahili chetu neno kusafisha hubeba kazi tatu za picha, na kazi hizo hazifanani. Ya kwanza ni ile ya studio. Mtu aliyemaliza mkanda wa kamera yake aliupeleka mjini kusafishwa, maana yake uingizwe katika dawa, gizani, hadi sura zilizojificha ndani yake zijitokeze. Hapo kusafisha ni kuleta kilichokuwa hakionekani. Ya pili ni ya nyumbani. Negativu au slaidi iliyokaa miaka mingi ndani ya bahasha imeshika vumbi, na vumbi hilo halina budi kuondolewa kabla ya kuiweka kwenye skana ili igeuzwe kuwa picha ya kompyuta. Hapo kusafisha ni kuondoa kilichokuja baadaye. Ya tatu ni ya siku hizi: picha imekwisha kuingia katika kompyuta pamoja na madoa yake, kisha programu inaambiwa iyafute. Hapo kusafisha, nisamehewe ukali wa neno, ni kubuni.

Tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na mashairi. Picha za kale, ambazo siku hizi huchapishwa vitabuni na kutundikwa katika majumba ya makumbusho, tunazipokea zilivyo, kana kwamba zilitoka ndani ya kamera na kwenda moja kwa moja ukutani. Mimi nashikilia kwamba mhakiki wa picha ya kale analo swali la kuuliza kabla hajasema kwamba picha ni nzuri au mbaya. Je, imesafishwa kwa maana ipi kati ya hizo mbili za mwisho? Kwa maana ile ya pili hufunua, na ya tatu hukisia.

Sisi wa Chanji tuna haki ya kusema juu ya vumbi. Uwanda wa Ufipa uko juu sana, na kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa baridi huvuma mchana kutwa. Mvua imekwisha, mashamba yamevunwa, ardhi iko wazi, na kila gari linalopita katika njia ya udongo huacha wingu nyuma yake. Vumbi hilo huingia chini ya milango, hukaa juu ya vitabu, na hupenya hata kwenye sanduku lililofungwa kwa komeo. Tena hewa ya miezi hiyo ni kavu, na hewa kavu huifanya filamu ishike umeme tuli, ule unaoalika katika sweta la sufi mtu anapolivua usiku. Filamu yenye umeme huo huvuta vumbi kama sumaku ivutavyo misumari. Ukiifuta kwa nguvu kwa kitambaa kikavu, unaiongezea umeme, nayo huvuta vumbi zaidi ya lile uliloliondoa.

Msomaji asidhani hili ni jambo dogo. Picha moja ya mkanda wa kawaida, ule wa milimita 35, ina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24. Chukua punje ya vumbi yenye upana wa sehemu moja ya kumi ya milimita, ambayo jicho la mzee kama mimi halioni bila lenzi. Ukiikuza picha hiyo hadi upana wa sentimita 60, kiasi cha kalenda ya ukutani, punje nayo imekua mara kumi na sita na zaidi, na sasa ni kubwa kama mbegu ya ulezi. Weka mbegu ya ulezi juu ya uso wa mtu katika picha, nawe umemtoboa jicho.

Vumbi hujitambulisha kwa rangi. Juu ya negativu huzuia mwanga, na kwa kuwa negativu hugeuza weusi kuwa weupe, doa lake katika picha huwa jeupe. Juu ya slaidi, ambayo haigeuzwi, doa huwa jeusi. Kwa hiyo anayetazama picha ya zamani iliyojaa vitone vyeupe anaweza kukisia kwamba ilitoka katika negativu yenye vumbi. Nasema kukisia, na sababu yake nitaieleza hivi punde.

Usafi wenyewe ni kazi ya subira na vifaa vyake ni vichache. Chagua siku isiyo na upepo, asubuhi, katika chumba kilichopigwa deki kwa maji na kuachwa kitulie. Shika filamu kwa kingo zake, mikono ikiwa safi au ndani ya glavu za pamba, kwa sababu mafuta ya vidole huacha alama ambayo vumbi hujishikiza. Anza na hewa, na iwe ya kipulizio kidogo cha mpira kinachobanwa kwa mkono. Usipulize kwa mdomo, kwa kuwa pumzi ina matone ya mate, na tone likikauka huacha duara. Hewa ikishindwa, tumia brashi laini sana isiyofanya kazi nyingine yoyote, na upitishe mara moja kwa upande mmoja bila kusugua. Kumbuka pia kwamba filamu ina pande mbili: unaong'aa ni plastiki, na uliofifia ndio wenye jelatini inayobeba picha. Kosa la upande unaong'aa mara nyingi husameheka. Mkwaruzo wa upande uliofifia umekata picha yenyewe.

Palipo na alama ya kidole au uchafu ulioganda, wajuzi hutumia spiriti ya isopropili isiyo na maji, kidogo sana, kwa pamba safi, mbali na moto na dirisha likiwa wazi. Maji yasitumiwe mahali penye kuvu. Kuvu hula jelatini na kuilegeza hata iweze kuyeyuka, na anayeipangusa kwa maji huondoka na kuvu pamoja na uso wa bibi yake. Huko pwani, kwenye joto na unyevu, kuvu ndiyo adui mkuu. Huku kwetu ni vumbi, na katika hilo tuna bahati kuliko wao, kwani vumbi hukaa juu na kuvu huingia ndani.

Sasa nije kwenye mashine. Skana nyingi za filamu zina ufundi wa kuondoa vumbi kwa mionzi ya infraredi, na ufundi huo una akili. Rangi zilizomo katika filamu ya rangi hupitisha mionzi hiyo kana kwamba hazipo, na vumbi huizuia. Mashine hupiga filamu mara ya ziada kwa infraredi, hupata ramani ya vumbi peke yake, kisha hujua mahali pa kuziba. Lakini filamu ya kawaida ya rangi nyeusi na nyeupe haikutengenezwa kwa rangi. Picha yake ni chembe za madini ya fedha, na fedha huzuia infraredi sawasawa na vumbi. Mashine ikiambiwa isafishe filamu hiyo, haiwezi kutenga uso wa mtu na uchafu uliouangukia. Hata slaidi za Kodachrome, ambazo wageni wengi waliofika huku walizitumia, huisumbua. Hapo mwenye haraka huiacha infraredi na kugeukia programu ya kompyuta, ambayo haina ramani yoyote. Hutafuta kila kitone kisichofanana na jirani zake, hukifuta, na hujaza pengo kwa kunakili yaliyo pembeni.

Mwalimu mwenzangu mstaafu alikuwa na negativu ya miaka ya 1970, nyeusi na nyeupe, ya akina mama wakipepeta ulezi katika kijiji kimoja cha wilaya yetu. Tuliitumia picha yake chuoni kufundishia walimu wa sayansi. Nyungo zimeinuliwa. Mbegu, kwa kuwa ni nzito, zinaanguka karibu wima. Makapi, kwa kuwa ni mepesi, yamechukuliwa na upepo kwenda kushoto na yanaonekana kama vitone vyeupe juu ya kivuli cha nyumba iliyo nyuma. Mwanafunzi aliweza kuonyesha kwa kidole upepo ulikotoka na kueleza kwa nini mama yule amesimama pale na si upande wa pili. Somo zima la uzito, hewa na utenganishaji wa vitu lilikuwa katika vitone vile.

Negativu hiyo ikapelekwa katika duka moja la mjini iskaniwe, na picha ikarudi ikiwa safi kama sahani ya harusi. Nyungo zimeinuliwa, akina mama wametazama juu, na kati ya ungo na mkeka hakuna kitu. Makapi hayapo, mbegu hazipo. Wanapepeta hewa. Programu iliona vitone vyeupe juu ya weusi, ikaviita vumbi, ikavifuta vyote pamoja na vumbi la kweli lililokuwapo. Kijana wa duka hakufanya hila. Alibonyeza kitufe kilichoandikwa maneno mazuri, basi.

Negativu ilikuwapo bado, tukaitazama pamoja chini ya taa kwa lenzi ya mkono. Ukiiinamisha filamu kwenye mwanga, vumbi humetameta kwa kuwa limekaa juu, na kivuli chake husogea unapoisogeza. Makapi yaliyo ndani ya jelatini hayameti wala hayasogei, kwa sababu ni sehemu ya picha. Mtoto wa darasa la tano angeweza kuvitenga. Kompyuta haikuweza, kwa kuwa ilikabidhiwa picha ambayo vitu hivyo viwili vilikuwa vimekwisha kubanwa katika bapa moja. Hii ndiyo sababu nasema vumbi liondolewe kwenye filamu, kabla ya skana. Kabla ya skana kuna vitu viwili, filamu na vumbi, na mkono unaweza kuvitenga. Baada ya skana kuna kitu kimoja tu, na kukitenga ni kubahatisha.

Huenda msomaji akasema kwamba nalilia makapi. Basi tuvuke mpaka twende Kampala, penye picha ambazo kitone chake kina uzito mwingine. Mwezi wa Mei 2019 jumba la makumbusho la Uganda lilifungua maonyesho ya picha zilizopigwa na wapiga picha wa serikali katika utawala wa Idi Amin, yaani kati ya 1971 na 1979. Zilitoka katika hazina ya negativu zaidi ya 70,000 iliyokuwa katika Shirika la Utangazaji la Uganda, na nyingi kati yake hazikuwahi kuchapwa kwenye karatasi. Shirika hilo, pamoja na wasomi wa vyuo vikuu vya Michigan huko Marekani na Western Australia huko Australia, lilianza kuziskani mwaka 2018, na hadi maonyesho yanafunguliwa zilikuwa zimefikia kiasi cha 25,000. Mwaka 2021 Derek Peterson na Richard Vokes walitoa kitabu juu ya hazina hiyo, kiitwacho The Unseen Archive of Idi Amin.

Mtanzania wa rika langu hawezi kutazama picha hizo kwa moyo mtulivu. Tulikuwa walimu vijana majeshi ya Amin yalipoingia Kagera mwaka 1978, na wapo tuliosoma nao ambao hawakurudi kutoka katika vita ile. Na hao, kwa uchungu wao wote, hawafikii Waganda wenyewe, waliouawa maelfu kwa maelfu. Lakini katika picha za wapiga picha wake Rais anacheka, anahutubia, anapokea wageni, watu wanapiga makofi. Mauaji hayamo. Walio karibu nayo ni watu walioshitakiwa kwa magendo na ulanguzi, wamesimamishwa mbele ya kamera, na nyuso zao zinajua jambo ambalo picha haisemi.

Hapa neno letu linaingia katika maana ya nne, kusafisha jina la mtu. Wako waliouliza kama kuzitoa picha hizi gizani, kuzipangusa na kuzitundika katika kuta nyeupe si kumsafisha Amin. Swali hilo ni la haki. Jibu langu ni kwamba aliyesafisha jina, kama ni kusafisha, ni yule aliyeamua miaka hamsini iliyopita kamera ielekezwe wapi na isielekezwe wapi. Uchafu huo brashi haiufikii. Kuacha vumbi juu ya negativu hakumshitaki Amin hata kidogo. Humsaidia, kwa kuwa picha yenye madoa hutazamwa kama kitu cha kale kilichokwisha, mtazamaji akaona ukale asiwaone watu. Picha iliyosafishwa kwa mkono humfanya akutane na mashitaka yaliyomo pembezoni: askari aliyesimama nyuma ya kiti, mkono wa mshitakiwa uliokunjwa, mtu mmoja katika umati asiyepiga makofi.

Mtu yule wa nyuma kabisa, katika negativu ya milimita 35, uso wake hauzidi punje chache za vumbi. Ndiye wa kwanza kupotea programu inapofanya kazi yake. Itajaza uso wake kwa kunakili wa jirani, na mama au binti aliyekuja jumba la makumbusho akimtafuta ndugu aliyetoweka ataoneshwa uso ambao haukuwahi kuzaliwa. Ndiyo maana sikubali maneno ya wanaosema kwamba mradi picha inapendeza, njia haina maana. Picha ya kupamba sebule inaweza kupendeza tu. Picha inayoitwa ushahidi inapaswa kwanza kuwa na vitu vyake vyote na isiwe na cha ziada.

Wapo wenye maoni ya upande wa pili, nao nawaheshimu zaidi. Wao husema vumbi ni historia, liachwe. Nakubaliana nao nusu. Si kila kilicho juu ya filamu ni uchafu. Katika studio za zamani ilikuwa desturi ya ufundi kuirekebisha negativu kwa penseli, kulainisha kunyanzi au kovu la mteja. Fikiri studio kama Capital Art ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Mwenye hazina ya studio ya namna hiyo akikuta alama za penseli juu ya filamu na kuzipangusa kwa spiriti, atakuwa amefuta kazi ya fundi, na pamoja nayo habari ya jinsi watu wa wakati ule walivyotaka kuonekana. Hata mwandiko wa bahasha, namba na tarehe, ni sehemu ya picha. Bahasha ikitupwa kwa sababu ina vumbi, negativu imepoteza jina lake. Lakini vumbi la Agosti mwaka jana lililoingia chini ya mlango wangu halina historia yoyote ya picha, nami siwezi kuliheshimu kwa sababu tu liko juu ya kitu cha heshima. Kazi ya mkono na jicho ni kuamua lipi ni lipi, na uamuzi huo hufanywa kabla ya kugusa.

Kwa hiyo nikipewa kitabu cha picha za kale au nikiingia katika maonyesho, natafuta mambo matatu. Natafuta kama mwenye kazi amesema picha zilisafishwa namna gani, na kama kompyuta ilifuta kitu, ni nini na wapi. Katika vitabu vingi nilivyopata kusoma neno hilo halimo hata katika utangulizi, ilhali mhariri wa shairi la kale asiyetaja maneno aliyoyabadili tungemlaumu. Pili, natafuta kama ile picha ya kwanza ya skana, yenye madoa yaliyobaki, imehifadhiwa kando ya ile iliyotengenezwa, ili mwenye shaka alinganishe. Tatu, natafuta kama bado yamebaki madoa machache. Picha ya miaka hamsini isiyo na doa hata moja hunitia mashaka kama daftari la mwanafunzi lisilo na neno lililokatwa.

Na kwenu mlio na masanduku chini ya vitanda, hapa Chanji, katika parokia, katika shule na vyuo vyetu: kompyuta itawapa nakala nzuri, zipokeeni. Ila negativu zisichomwe moto baada ya kuskaniwa, kama nilivyoona zikichomwa mahali pamoja ili kupata nafasi kabatini. Zifungeni katika karatasi safi, kila bahasha na maandishi yake, mziweke mahali pakavu pasipo joto wala jua. Siku moja mtu atatazama kitone cheupe katika nakala yake na kuuliza kama ni vumbi au ni ulezi. Nakala haitamjibu. Ataitaka filamu, lenzi na mwanga wa pembeni.